Gharama ya Kudumu

Jumatatu, 17 Machi 2025

Leo nimekuwa mfanyabiashara anayetambulika. Nina namba ya mlipa kodi! Nimeiandika kwa kalamu nzito nyuma ya mlango wa chumbani. Mke wangu, Mama Kindness, ameuliza kwa nini nimechafua mlango. Nimemwambia huo si uchafu, ni utambulisho.

Biashara: krispi za ndizi. Jina: Anaeli Krispi Bora. Makao makuu: jikoni kwetu, Machame. Mmiliki: mimi, peke yangu, kama sheria inavyomtaka mfanyabiashara binafsi awe. Mteja: Shamsia, mwenye duka Moshi mjini, anayetaka mzigo mkubwa wa Idi. Ndiye aliyenisukuma nijisajili. Alisema ana hesabu zake za kupeleka kwa watu wa kodi, hawezi kuendelea kununua kwa mtu asiye na namba. Mzigo umfikie Ijumaa ya wiki ijayo, kabla watu hawajaanza kununua vya sikukuu.

Ndizi zenyewe ni za Mama Kindness. Kwetu kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni vya mama. Ndivyo tulivyowakuta wazee. Kahawa yangu niliing'oa mwaka ule wa uyoga. (Uyoga hautajwi humu ndani.) Kwa hiyo ndizi ni zake, karai ni lake, anayemenya na kukaanga ni yeye. Mawazo ni yangu. Na biashara ni mawazo.

Jioni amekuja jirani yangu Filemon. Zamani alikuwa karani wa ghala la kahawa, na tangu astaafu hakuna asilolijua. Nimemwonyesha mlango. Hakuipenda namba yangu, nimemwona usoni. Akasema pole. Akasema kodi itanimeza na viatu, na kwamba kabla mwezi haujaisha natakiwa nikakadiriwe. Halafu akashusha sauti, akanipa siri: dawa ya kodi ni gharama. Kila gharama ya biashara inakatwa kwanza. Mtu mwenye gharama nyingi, hesabu yake inabaki mifupa, na mifupa haitozwi kodi.

Gharama! Maisha yangu yote nimekuwa nazo na sikujua kumbe ni mali.

Jumatano, 19 Machi

Risiti. Siku nzima risiti.

Nimeanza na kinyozi. Hakuna anunuaye krispi kwa mtu mwenye nywele za msituni, kwa hiyo kunyolewa ni gharama ya biashara. Kinyozi hana risiti. Kaandika kwenye kipande cha mfuko wa simenti. Imekubalika.

Kisha ng'ombe. Ng'ombe anatoa samadi, samadi inalisha migomba, migomba inalisha biashara. Pumba zake zote: gharama. Viatu vyangu vya mvua: gharama. Pombe ya mbege niliyomnunulia Filemon siku aliyonishauri: gharama ya ushauri. Kitenge kipya cha Mama Kindness cha Pasaka nimekiandika kuwa sare ya kazi. Nimemwendea hata mtunza hazina wa usharika, nikaomba risiti ya sadaka zangu za tangu Januari, maana huwa naiombea biashara. Amenishauri nirudi nyumbani nikaliombee hilo pia.

Lakini gharama kubwa kuliko zote haina risiti! Ndizi. Tangu Januari tumekaanga mikungu na mikungu, na hakuna hata chane moja niliyoinunua. Filemon hakutaabika. Alisema mwenye ndizi aandike tu kwamba ameniuzia.

Basi mchana nimeandika karatasi safi, nikampelekea Mama Kindness jikoni. Akafuta mikono. Akasoma polepole, akarudia. Akatabasamu! Tabasamu hilo sijaliona tangu siku binti yetu Kindness alipopangiwa ualimu kule Mkuu. Akaweka sahihi yake nzuri, ya shule ya zamani. Halafu akauliza lini. Nikauliza lini nini. Akasema lini atapewa.

Nikamweleza kwa upole kwamba haya ni malipo ya kwenye karatasi, kwa ajili ya hesabu tu. Akasema haya. Akarudi kuukoroga mtori wake.

Nadhani amenielewa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda ofisi ya kodi, mjini. Nimemchukua Mama Kindness awe shahidi wa ndizi. Amevaa kile kitenge kipya, ingawa alisema ni cha Pasaka na si sare ya mtu. Yeye amepakata mfuko wa risiti. Mimi nimevaa koti la harusi.

Tumepokelewa na binti mmoja, Flavia, rika la Kindness wetu. Katuamkia shikamoo wote wawili, katupa viti. Kauliza mauzo ya krispi kwa mwaka ninayakisia kuwa kiasi gani. Nikamwambia mauzo si muhimu, tuanze na gharama. Nikamwaga risiti mezani. Ile ya simenti ikatoa vumbi.

Binti ana subira. Akanieleza kwamba gharama za nyumbani si za biashara, awe ng'ombe, awe kinyozi. Na zaidi ya hapo, mfanyabiashara mdogo kama mimi hakadiriwi kwa gharama kabisa. Anakadiriwa kwa mauzo ya mwaka mzima. Niandike tu nilichouza, siku kwa siku, nimletee jumla. Basi. Risiti zangu zote hazina kazi!

Sikukubali kirahisi. Nimepanda na kushuka milima kwa ajili ya risiti zile. Nikaanza kumsomea moja moja, kwa sauti, labda atalegea. Watu kwenye benchi nyuma yetu wakanyamaza wasikilize. Nilipomaliza pumba, Flavia akaniuliza, kwa heshima, biashara ninaifanya na nani. Je, na mama hapa?

Nikakumbuka neno moja zuri la kihasibu la Filemon. Nikataka binti ajue kwamba hazungumzi na mtu wa hivi hivi.

"Hapana," nikasema, "biashara ni yangu peke yangu. Huyu ni gharama ya kudumu."

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka. Flavia hakucheka. Mama Kindness aliuchukua ule mfuko, akaukunja, akauweka sakafuni taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Wakati wa kurudi alishuka kituo cha Kwa Sadala, akasema anatafuta chumvi, nitangulie. Chumvi ipo nyumbani, tele.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeamka. Hakuna chai.

Nimekwenda jikoni. Moto haujawashwa. Karai limetundikwa ukutani, limesuguliwa linang'aa. Mama Kindness yuko kibarazani anachambua maharage, mvua inanyesha mbele yake. Nimeuliza kama anaumwa. Hapana. Nimeuliza kama kisu kimepotea. Hapana, kipo. Nimeuliza basi tunaanza lini kumenya za Idi.

"Gharama zako zilikuwa nyingi, Baba Kindness," akasema. "Nimekupunguzia moja."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Mama Kindness akikasirika hurusha maneno mpaka yaishe, tunakula, tunalala. Hii ya leo siijui. Aliendelea na maharage, mabovu huku, mazima huku. Nikamwambia ilikuwa ni lugha ya kihasibu. Akasema sawa. Nikamwambia watu walicheka kwa furaha. Akasema aliwasikia.

Nikamwuliza nitakaanga nini basi. Akasema mikungu yake haiuzwi kwa karatasi, na isiyouzwa haikatwi.

Nimekwenda kwa Filemon kutafuta hekima. Kaniambia nisihofu, gharama ya kudumu huwa inajirudia yenyewe, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Halafu, akitazama pembeni, akaniuliza hivi namba ya simu ya yule Shamsia ni ipi, endapo nikiumwa. Rafiki wa kweli. Nimempa.

Nimekula viporo peke yangu. Nilikuwa nimezoea mtu wa kuniambia niongeze chumvi kidogo tu.

Jumamosi, 22 Machi

Mwanamume hashindwi na ndizi!

Nimenunua mkungu kwa Filemon. Aliniapia ni mzuzu, ndizi yenyewe ya krispi. Nilipoumenya ukawa mwororo. Ulikuwa mshare, ndizi ya kupika, tena umeanza kuiva kwa ndani. Lakini biashara haingoji. Utomvu umenikamata mikono, imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, sabuni haifui dafu. Nimejikata kidole gumba. Mama Kindness hupaka mafuta mikononi kwanza. Nimemwona mara elfu nikiwa nimekaa palepale, na leo nimekumbuka baada ya kujikata.

Mafuta nayo. Kama hayajachemka, ndizi inakunywa. Kama yamechemka mno, inaungua. Katikati yake kuna dakika ambayo anaijua mtu mmoja tu katika boma hili, na yuko kibarazani. Moshi ulijaa mpaka ng'ombe akakohoa. Mama Kindness aliinuka akamfungulia ng'ombe, akamhamishia kwenye hewa. Mimi akaniacha.

Nikafungasha hivyo hivyo, nikateremka mjini. Shamsia kanipokea vizuri, ingawa midomo imemkauka. Nikamsukumia pakiti, nikamwambia aonje moja tu. Akanitazama. Ramadhani! Nikaomba radhi. Nikala mimi moja ili kumwonyesha ubora, mbele yake, mtu mwenye swaumu. Nikaomba radhi tena.

Akachukua krispi moja akajaribu kuivunja. Haikuvunjika. Ilipinda.

"Mzee Anaeli," akasema, "hizi si za mama. Mama anaumwa?"

Nikasema mzima. Akasema basi nimfikishie salamu, na kwamba wateja wake huja wakiuliza krispi za mama wa Machame, hawajui jina jingine. Ikifika Ijumaa bila mzigo atachukua pengine, maana kuna mzee mmoja, Filemon, amempigia simu asubuhi.

Filemon!

Nimepanda mlima na pakiti zangu. Nilidhani kitakachonichoma njiani ni Filemon. Haikuwa yeye. Ni kwamba mjini kote hakuna hata mtu mmoja anayeijua Anaeli Krispi Bora. Wanamjua mke wangu. Wamemjua muda wote huo, na mimi nimelala naye kitanda kimoja nikidhani biashara ni mawazo.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani. Mama Kindness kakaa upande wake wa kwaya, mimi wangu. Mahubiri yalikuwa marefu na yote yalikuwa yananihusu.

Baada ya ibada, mnada wa mavuno uani. Kuku, mayai, maziwa, magimbi. Mara mzee wa kanisa akainua mkungu wa mzuzu, mnene, wa kijani kibichi, akasema umetolewa na Mama Kindness kwa shukrani. Nikaujua ule mkungu! Ni wa nyuma ya zizi. Nilikuwa nimeshauhesabu kwenye mzigo wa Idi.

Akili yangu ikafanya kazi haraka. Nikiununua hapa, nimenunua ndizi zake halali, mbele ya usharika mzima. Hawezi kusema ni karatasi. Na nitapata risiti! (Najua risiti hazina kazi. Ni mazoea.) Nikatamka bei. Nyuma yangu sauti ikaongeza. Filemon. Nikaongeza. Akaongeza, akitabasamu kama mtu anayesaidia ujenzi wa mnara. Nikaongeza tena. Watu wakaanza kupiga makofi, wakiamini tumeguswa na neno. Mwinjilisti akasema haleluya. Hapo huwezi kurudi nyuma. Mkungu ule umenigharimu kuliko ng'ombe alivyogharimu akiwa ndama, na nimeahidi kumalizia baada ya Pasaka.

Nimeubeba kichwani mpaka nyumbani, mvua ikininyeshea, utomvu ukiteremka shingoni kwenye koti la harusi. Mama Kindness yuko mbele na mwavuli, haharakishi wala hangoji. Nimeutua miguuni pake. Nikasema nimenunua ndizi zako, kwa fedha.

Akasema fedha hiyo nimelipa kanisa, na Mungu atanibariki. Akasema desturi yetu mtu akinunua kwenye mnada humzawadia mwingine, je, namzawadia yeye? Nikasema ndiyo, kwa moyo wote! Akasema aika, yaani asante, kwa sauti ya kawaida kabisa, na moyo wangu ukaruka. Kisha akamwita mke wa Filemon kutoka ng'ambo ya mpaka, akampa mkungu wote, kwa kuwa ana wageni.

Nimekaa kwenye hatua za mlango mpaka koti likakauka. Sitaki tena habari ya Idi. Nataka aniambie nivue viatu kabla ya kuingia, kama siku zote.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimefanya jambo la wazee.

Baba yangu alisema ukimkosea mtu, ukaona maneno yako yamekwisha, chukua jani la isale. Likunje fundo, lipeleke kwa mikono miwili. Anayepelekewa isale hakatai kusikiliza. Hata aliyemwagiwa damu ya nduguye hakatai. Nimelijua hili tangu utotoni na sijawahi kulitumia, kwa sababu sijawahi kukosea kiasi hicho. Au nimekosea na nikawa sijui. Tangu Alhamisi sina uhakika.

Nimeamka mapema kwenda kuchuma. Isale yetu iko mpakani, kama kwa kila mtu. Ndiyo inayoonyesha kihamba cha huyu kinaishia wapi na cha yule kinaanzia wapi. Nikataka jani zuri, refu, lisilo na doa. Zuri kuliko yote lilikuwa juu ya mche wa pembeni. Nikauvuta uiname. Udongo umelowa na mvua za wiki nzima. Mche ukang'oka wote, mizizi na yote, ukaniangukia kifuani.

Sasa fikiria. Mtu mzima, alfajiri, mpakani, amekumbatia isale iliyong'olewa. Na nani atokee?

Filemon akapiga kelele za kuamsha kaburi. Anahamisha mpaka! Anaeli anahamisha mpaka! Wakatoka watu wa juu, wakatoka wa chini. Wengine na panga, za kukatia majani ya ng'ombe lakini panga ni panga. Filemon akasema sasa imejulikana, mtu akishapata namba ya kodi hatosheki na chake. Nikajaribu kueleza. Lakini jambo lenyewe haliwezi kuelezwa mbele ya watu! Nikabaki nimekumbatia mche, tope mpaka kidevuni.

Mama Kindness akatoka. Kanga ya usiku begani, miguu peku. Akapita katikati ya watu, akanitazama mimi, akatazama mche, akatazama jani nililokuwa nimeshaanza kulikunja. Alielewa. Nilimwona anaelewa.

Akamgeukia Filemon, akamwamkia vizuri, akamwambia mpaka haujahama na mche utapandwa palepale, yeye mwenyewe atasimamia. Baba Kindness hakuja kutafuta ardhi. Alikuja kuchuma isale ya kumwomba mkewe msamaha. Na kama kuna mwingine hapa anayedaiwa isale na mkewe, achume sasa, mche umeshaanguka.

Watu walitawanyika haraka sana. Filemon alikuwa wa kwanza.

Tulibaki wawili na mvua. Nikampa jani kwa mikono miwili. Mikono bado myeusi kwa utomvu. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikapotea yote. Nikasema tu nilimwita kwa jina baya mbele ya watu, na kwamba nyumba imekuwa baridi. Nililia. Nitasema ni mvua, lakini humu ndani ni shajara.

Alilipokea. Akalifuta tope kwa pindo la kanga.

"Mimi sikutaka hela ya ndizi," akasema. "Nilitaka uniulize."

Nikamwambia kuanzia leo nitamwuliza. Kwa kila chane. Akasema nivue viatu kabla sijaingia.

Jumanne, 25 Machi

Tumerudi kwa Flavia. Safari hii hatukubeba mfuko.

Nilitaka biashara iwe ya wote wawili, jina langu na lake, langu likitangulia kwa sababu ya alfabeti. Flavia akaeleza kwamba biashara ya mtu binafsi ina mmiliki mmoja. Tukitaka wawili huo ni ubia, una utaratibu wake na makaratasi yake. Vinginevyo tuchague. Akatuacha tushauriane.

Hatukushauriana. Mama Kindness alitazama kucha zake. Hakuomba. Hata kidogo! Angeomba ningepata la kubishana. Nikaona ile kazi yote, miaka yote, alfajiri zote anazotoka na kisu kwenda migombani mimi nikigeuka upande wa pili wa kitanda. Nikamwambia Flavia anifungie yangu, amfungulie mama ya kwake.

Inauma. Nisidanganye. Nilijisikia kama nafutwa kwenye daftari la ubatizo. Lakini Flavia alipouliza jina la mmiliki, mke wangu akanyoosha mgongo.

"Rachel Sifael Nkya," akasema.

Sijui ni lini mara ya mwisho nimelisikia likitamkwa kamili. Nadhani ni siku ya ndoa, mchungaji akisoma. Ni jina zuri. Flavia akauliza kama ana mfanyakazi.

"Ninaye mmoja," Mama Kindness akasema. "Hajui kumenya. Nitamfundisha."

Kisha akataja mauzo, hana hata karatasi, yote kichwani, mwezi kwa mwezi. Flavia akapiga hesabu na kusema mauzo ya kiasi hicho bado hayajafikia kiwango cha kuanza kutozwa kodi kwa mwaka huu. Tuendelee kuandika tunachouza, tukikua tutarudi.

Sifuri! Wiki nzima, kinyozi, ng'ombe, mtunza hazina, na kodi yenyewe ni sifuri. Nilitaka kusikitika kidogo, kwa ajili ya risiti zangu. Lakini alikuwa amenishika mkono wa koti tukivuka barabara. Hajafanya hivyo siku nyingi.

Ijumaa, 28 Machi

Mzigo umefika!

Siku tatu nimekuwa mwanafunzi. Paka mafuta mikononi. Kata ncha. Pasua ganda kwa urefu, si kwa hasira. Ndizi iingie kwenye maji ya chumvi isiwe nyeusi. Mafuta yakianza kutulia baada ya kuchemka, hapo. Mwajiri wangu ni mkali. Nilipokata nene alizirudisha. Nilipokata vizuri aliniwekea kikombe cha chai karibu na kisu. Mimi chai ile niliielewa.

Kabla ya kila mkungu nimemwuliza. Mama Kindness, naomba huu? Ananiambia chukua, au acha huo haujakomaa. Ni neno dogo. Sijui kwa nini lilinishinda miaka yote.

Shamsia aliivunja moja kwa vidole, ikalia ka. Hakuonja, lakini alitabasamu na macho yakafumba kabisa. Akaagiza mara mbili kwa baada ya Idi. Filemon nimemkuta mlangoni mwa duka na sampuli zake kwenye ndoo. Nimemsalimia kwa utulivu wa mtu aliyeajiriwa.

Jumapili, 30 Machi

Mama Kindness yuko Mkuu kwa Kindness tangu jana, amempelekea maziwa mgando na habari. Atarudi Jumatano. Nyumba ni kubwa mno. Nimekunywa chai niliyopika mwenyewe, haina ladha. Nimemkumbuka tangu saa alipofunga mlango, na sioni aibu kuliandika.

Nimefikiria sana mikono yake. Utomvu ule hautoki hata kwa majivu, na baridi ya asubuhi inamwumiza vidole. Mtu unayempenda asimenye na kukata hivyo mpaka uzeeni. Lazima kuna njia.

Ipo! Baada ya ibada Filemon alinifuata. (Tumepatana. Mche wa isale tumeupanda wote, na yeye alichuma jani moja kimyakimya kwa matumizi ya nyumbani.) Kaniambia Uru kuna mtu anauza mashine ya kukatia ndizi, ya kuzungusha kwa mkono, haijatumika sana. Mwenyewe hataki fedha. Ana harusi ya binti yake, anataka mikungu. Mradi ipatikane mizuri, na ipatikane leo.

Nikasema hii ni bahati ya Mungu. Mashine, mezani, kitambaa juu yake, anaingia Jumatano, anafunua!

Tumekata mchana huu, mimi na Filemon. Tumemaliza safu yote ya juu ya zizi, na ile minne ya karibu na mfereji ambayo Mama Kindness amekuwa akiitegemeza kwa magongo tangu mwaka mpya. Kabla ya mkungu wa kwanza nilitoa simu nimpigie nimwulize, maana niliahidi. Nikairudisha mfukoni. Zawadi ukiiulizia si zawadi tena.

Muuzaji wa Uru ni mtu makini, ana kitabu cha risiti. Akauliza aandike jina gani. Mwenye biashara hayupo, na mtu hawezi kuandika jina la mtu asiyekuwepo, kwa hiyo nimempa langu. Filemon anasema mashine inakatwa kwenye hesabu ya kodi.

Kihamba kinaonekana cheupe kidogo ukisimama mlangoni. Atafurahi sana.